Fito Fupi Ndani ya Boti Yangu

Februari 26

Nina miaka themanini na moja. Nimemzika mke wangu Verlene, nimezika mbwa watatu na wachungaji wanne wa kanisa letu, na kiwanda cha mbao nilichokitumikia kilikufa mimi nikiwa mzima. Madaktari wawili waliniambia niache chumvi. Wote wawili wako makaburini, na mimi bado natia chumvi.

Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchuma pamba, kwa hiyo atakayesoma asinisumbue kuhusu mwandiko. Naandika kwa sababu moja. Shemeji yangu Cleotha Bynum, ndugu wa Verlene, amenikasirisha, na msimu ukiisha nataka kumsomea maneno yake mwenyewe.

Leo amekuja na fito za kuvulia za futi kumi. Ndani ya boti yangu. Tangu tulipoanza kuvua samaki wa krapi pamoja, nywele zetu zikiwa nyeusi, majira haya boti hubeba fito za futi kumi na sita tu. Tunakaa wawili mbele, bega kwa bega, fito nne kila mtu, zimechanua mbele yetu kama miguu ya buibui, mota ya umeme ikitusukuma polepole kuliko mtoto anayetambaa. Wakati huu krapi wanapanda kwenye maji ya magoti kutaga. Kwenye maji ya magoti samaki anaona kivuli cha boti, na ukipiga chafya anakusikia. Kwa hiyo chambo kifike kwanza, wewe ufike baadaye. Hiyo ndiyo maana ya futi kumi na sita. Hata mbwa wangu wa mwisho alilijua hilo.

"Fupi ni nyepesi, shemeji," akasema.

"Nyepesi kama kichwa chako."

"Bega lako lenyewe linalia kama bawaba ya mlango kila ukiinua samaki."

"Bega langu limekuomba msaada?"

Jumamosi ya kabla ya Pasaka kanisa linakaanga samaki, na samaki hao ni wetu, mimi na yeye, miaka yote. Watu wanatoka hata Memphis kuja kula. Sitawapelekea sahani tupu kwa sababu ya fito za kitoto. Nimemwambia waziwazi: fito hizi zikibaki botini, wewe utabaki nchi kavu. Hana boti. Anajua nilichosema.

Machi 3

Upepo. Hatukutoka. Nimekula dagaa wa kopo na biskuti za chumvi, hasira ikanishibisha zaidi.

Machi 8

Maji maangavu kama chai ambayo haijatiwa majani. Unaona kisiki mpaka mizizi. Nikamwachia aweke futi kumi zake upande wake, ili aaibike mwenyewe. Tukaingia hori la Puckett, ule mkono mwembamba wa ziwa. Upande wangu krapi walikuja mmoja baada ya mwingine, bapa, weupe kama fedha, na yale madoa meusi kama mtu kamwaga pilipili. Upande wake hakuna kitu. Boti ilikuwa inawakanyaga kabla chambo chake hakijawapungia mkono.

"Waone wanavyokimbia," nikamwambia. Kundi zima liligeuka mbele ya pua ya boti.

"Nimewaona," akasema.

"Sasa?"

"Sasa nyamaza, unawafukuza kwa mdomo."

Nilimcheka mpaka tukafika gatini. Yeye hakucheka. Hilo nalo lilinikera, maana Cleotha hucheka hata msibani.

Machi 11

Amekuja na fito ndefu, amenuna. Vizuri.

Lakini anavua vibaya. Krapi hali kama samaki wengine. Anakuja kutoka chini, anabeba chambo juu. Ncha ya ufito haiinami, inanyanyuka kidogo kama imeshusha pumzi, na mshipi unalegea. Mvuvi mjinga anangoja ncha iiname mpaka Yesu arudi. Cleotha ndiye aliyenifundisha jambo hili, halafu leo ncha yake imenyanyuka mbele ya macho yake naye anatazama kama ng'ombe anayetazama treni.

"Una samaki," nikasema.

"Najua."

"Basi unamsubiri avae viatu?"

Akashika ufito usio wake. Akaushika wangu. Aliposhika ulio sahihi akavuta kwa nguvu mpaka akachana mdomo wa samaki, na mdomo wa krapi ni karatasi, kila mtu anajua. Nikamuuliza kama amekunywa. Akasema hajanywa tangu mazishi ya Verlene. Kwa nini alimtaja, sijui. Nimerudi nyumbani nimekasirika na sijui nimekasirikia nini.

Machi 12

Mvua ndogo. Bega linauma. Asijue.

Machi 15

Nimeandika polepole leo ili mkono usitoboe karatasi.

Kila mwaka maji yakianza kupata joto Cleotha hupaka upya jina la dada yake ubavuni mwa boti. VERLENE, kwa rangi ya bluu. Kazi yake maisha yote ilikuwa kuandika vibao. Kibao cha kanisa ni mkono wake, cha duka la chambo ni mkono wake. Alikuwa anapiga mstari ulionyooka bila rula, akiimba, huku anakutukana. Leo Odessa, binti yake, kamleta na makopo yake. Nikaenda kuwapikia uji wa mahindi. Niliporudi alikuwa amemaliza.

Herufi zimepanda kama zinapanda ngazi. N imekalia mabega ya E. Ya mwisho imetoka nje kabisa ya kivuli cha rangi ya zamani, kama mtu aliyekosa kiti.

Nilimtazama kwanza. Alikuwa anafuta brashi na kitambaa, taratibu, ametabasamu.

"Imekaaje?" akauliza.

"Hiyo ndiyo heshima uliyobaki nayo kwa dada yako?"

Tabasamu likaisha. "Mkono umechoka, Hosea."

"Kama umechoka ungesema. Ningeweka utepe wa dukani. Usingemchafua."

Akakusanya makopo yake. Moja alilikosa, likabaki kwenye majani mbele ya kiatu chake, nikamsukumia kwa mguu. Odessa alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu mke wangu afe.

Machi 17

Nimechukua kitambaa na mafuta ya taa nifute lile jina. Nikaliacha. Si kwa ajili yake.

Machi 19

Odessa amekuja peke yake na mkate wa mahindi. Hakuja kwa ajili ya mkate.

"Mjomba, nasikia unataka kumtoa baba kwenye boti."

"Fito zake ndizo nataka kuzitoa."

"Anazipenda zile fupi. Mwache nazo."

"Kwa nini?"

Akanikatia kipande cha mkate. Akasema, "Akikaa ndani siku nzima ananimaliza. Anasikiliza redio na kuigombeza."

"Na wewe mbona unamleta kila siku? Gari lake limekufa?"

"Lina tatizo," akasema.

Familia hii tangu zamani ina maneno mafupi. Verlene naye alikuwa hivyo. Unauliza swali unapewa mkate.

Machi 22

Nimefanya uamuzi. Shemasi Lamar Gaddis ana vioo vya umeme vya kuonyesha samaki chini ya maji na mdomo unaozidi vioo vyake, lakini ana macho na ana mabega. Nilimkuta dukani kwa chambo nikamuuliza kama anaweza kukaa kiti cha kushoto kuanzia Aprili.

"Kiti cha Mzee Cleotha?"

"Kiti ni changu. Boti ni yangu."

"Na mimi nitumie fito gani, Mzee Hosea?"

"Futi kumi na sita. Fupi ni za kina mama wanaovua gatini wakingoja nyama iive."

Duka zima likacheka. Nilifurahi mpaka nilipofika kwenye gari. Nje pale kuna kile kibao alichokiandika Cleotha, kimenyooka kama neno la Mungu.

Nitamwambia Jumamosi. Safari moja zaidi, nimwambie majini, asikimbie.

Machi 25

Ule mti mke wangu aliouita mti wa msalaba umeanza kuchanua maua meupe. Ukichanua, krapi wameingia kwenye maji mafupi kabisa. Hakuna aliyewahi kuniona nikikosea hili.

Machi 29

Hii itakuwa ndefu.

Tulitoka na fito ndefu, maji maangavu, jua, hakuna upepo. Siku ya kumwambia mtu jambo baya. Niliandaa maneno tangu nyumbani. Nilitaka avue vibaya kwanza, ili maneno yajiseme.

Akavua vibaya. Ncha yake ya pili ilinyanyuka. Nikanyamaza. Mshipi ukalegea, ukaenda upande, ukarudi. Samaki alikula, akatema, akaenda kuwasimulia wenzake. Cleotha alikuwa ametazama hukohuko, uso umetulia kama mtu aliyeko kanisani. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya mashina ya fito, vidole vinne juu ya fito nne, kama anapiga kinanda. Ya tatu ikanyanyuka. Nikanyamaza tena. Niliona huyu mtu ananidharau, hajali, amekuja kukaa tu.

Nikataka kumkamata. Mbele yetu kulikuwa na kisiki kikubwa, kitupu, hakuna hata kobe juu yake. Nikasema, "Mwone korongo yule juu ya kisiki. Mkubwa ajabu."

Alikawia kidogo tu. Akageuza uso upande ambao sauti yangu ilielekea.

"Ndiyo," akasema. "Mkubwa kweli. Anatungoja tumwachie mmoja."

Nikatazama kile kisiki. Nikatazama tena, labda korongo atakuja anisaidie.

Maneno yote niliyoyaandaa yalikwisha. Yaliyobaki mdomoni yalikuwa matusi, na sikujua nimtukane nani. Nikakumbuka ufito wangu alioshika badala ya wake. Lile kopo kwenye majani. Gari lenye tatizo. Herufi zinazopanda ngazi, na mimi nikamwambia amemchafua dada yake.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. "Leo huna tusi?"

"Natafuta linalokutosha."

"Tafuta taratibu. Nina siku nzima."

Ncha yake ya kwanza ikanyanyuka. Nikakohoa, nikanyoosha mkono kama nachukua maji ya kunywa, nikaugonga ule ufito kwa kiwiko. Vidole vyake vikasikia. Akavuta, safari hii polepole. Akampata. Samaki mkubwa, jike, tumbo limejaa mayai. Alimpapasa mgongoni, akamrudisha majini kama tunavyofanya kwa majike wa mayai, akasema, "Bado nawaweza, shemeji."

Nikasema ni bahati.

Gatini nilimvuta Odessa nyuma ya gari. Nilimwambia aniambie bila mkate. Akalia kwanza. Daktari anasema katikati ya macho pamekufa, pembeni anaona kidogo, kama mtu anayechungulia kando ya pazia. Kwenye futi kumi na sita ncha haipo kwake. Kwenye futi kumi, jua likiwepo, anaona kitu kinachotikisika.

"Aliniapisha nisikuambie," akasema. "Alisema, Hosea akijua ataniacha nchi kavu."

Nimeandika alivyosema. Ndiye mimi huyo anayemzungumzia.

Machi 30

Jumapili. Sikwenda kanisani. Sina maneno ya heshima kwa Mungu leo, na ya aina nyingine yasingefaa mbele ya watoto.

Aprili 1

Nimekasirika. Angeniambia. Mtu aliyebeba jeneza la mke wangu upande wa kushoto mimi nikibeba wa kulia, anashindwa kuniambia haoni? Ananiona mimi ni mtu wa namna gani?

Nimesoma kurasa za nyuma. Basi.

Aprili 4

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Mto umeshuka na udongo wa mashamba yote. Ziwa limepanda, limeingia vichakani, rangi ya kahawa yenye maziwa. Ukitia mkono huoni vidole.

Nimesimama pale chini ya mvua nimelitazama lile tope kama mtu aliyeletewa zawadi.

Aprili 5

Nimemwambia Shemasi Gaddis kiti kimejaa.

"Lakini Mzee, mbele za watu uliniambia..."

"Mbele za watu uliahidi kufunga na kuomba. Umefunga?"

Nikachukua fito nane za futi kumi ukutani. Gaddis akasema, "Si ulisema fupi ni za kina mama?"

"Nilisema maji yakiwa maangavu. Wewe husikilizi. Kwenye tope samaki haoni boti, anaweza kukusugua mgongo. Na vichakani unataka kumwinua wima, umtoe kati ya matawi kabla hajazungushia mshipi humo. Ufito mrefu utamtundika samaki wako kwenye mti kama nguo ya kuanika. Hili nimelisema tangu hujazaliwa."

Kila neno hapo ni kweli. Kasoro lile la mwisho.

Aprili 9

Mvua bado. Nimefungua kikapu cha Verlene cha kufumia. Sikuwa nimekigusa. Nimetoa uzi wa sufu mwekundu, ule aliokuwa anamfumia kofia ndugu yake, nikaufunga shungi kwenye ncha za fito zote nane. Vidole vyangu ni vya mbao na magogo, si vya uzi. Nilitukana sana.

Aprili 12

Odessa alimshusha Cleotha gatini. Akapapasa fito, akaenda mpaka nchani, akafikia lile shungi. Akasimama nalo mkononi.

"Nini hiki?"

Mimi naweza kumwona mwewe akiwa bado kaunti ya jirani. Kila mtu anajua. Nimejisifia macho haya tangu niko kijana, na Verlene alinichoka nayo.

Nikasema, "Macho yangu. Yameanza kunisaliti. Ncha siioni vizuri. Ndiyo maana nimechukua fupi."

Hakuna jambo lililowahi kunitoka kwa uchungu namna ile. Hata jino.

Vidole vyake vikausugua ule uzi. Ni sufu ile ile, sijui kama aliijua.

"Pole, shemeji," akasema mwishowe. "Ni uzee huo."

"Usimwambie mtu."

"Mimi? Nitamwambia nani?"

Tukavua. Maji ya tope, kina cha magoti, vichaka pande zote. Lile shungi jekundu likinyanyuka yeye analikamata kabla yangu. Anageuza kichwa pembeni kama kuku, anatazama kwa kando, vidole kwenye shina la ufito, na samaki yuko botini. Alinishinda. Nasema alinishinda kwa sababu nilikuwa na maumivu ya bega.

Aprili 15

Tumevua. Tumejaza.

Aprili 17

Tumevua. Kaimba siku nzima. Sauti yake ni mbaya kuliko nilivyokumbuka.

Aprili 19

Jumamosi. Kanisani mafuta yalichemka tangu asubuhi, krapi wamevikwa unga wa mahindi, maandazi ya chumvi, kabichi, chai baridi yenye sukari ya kuua mtu. Waliokuja walikula wakarudia. Watu wa Memphis walilamba vidole. Hakuna sahani iliyokuwa tupu.

Cleotha alikaa meza ya mbele na akaanza. Nilijua ataanza.

"Ndugu zangu, mwombeeni shemeji yangu. Macho yamekwisha. Nimemfungia utepe kwenye fito kama mtoto wa chekechea."

"Umenifungia wewe?" nikauliza.

"Nani mwingine? Wewe unaona tundu la sindano?"

Kanisa zima lilicheka. Shemasi Gaddis alicheka zaidi ya wote, akaniuliza kama nahitaji kushikwa mkono mpaka chooni. Odessa hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na sufuria, mkono mdomoni.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi, yamepangwa kama magogo, na moja tu lingewanyamazisha wote. Niliyameza na samaki, na mwiba mmoja.

"Ni kweli," nikasema. "Naona ukungu."

Cleotha akanitafuta bega kwa mkono, akalipata mara ya pili, akaliminya. Ni lile bovu. Hakuachia upesi.

Daftari hili nilikusudia kumsomea. Nitamsomea mpaka pale Machi nilipomcheka, kisha nitasema penseli ilikatika. Jina kwenye boti nimeliacha kama alivyoliandika, na mwakani atalipaka tena, likipanda na lipande. Anayesema limepinda aje aniambie mimi.

Na asiyeamini kwamba mimi Hosea Tunstall nilisema tangu mwanzo kuwa kwenye maji mafupi yenye tope unatumia futi kumi, amuulize Cleotha Bynum. Alikuwa kiti cha kushoto msimu mzima, na aliona kila kitu.